Kumtambua na Kumfuga Anemoni Zulia

Mfugaji anayeijua kazi yake haanzi na rangi. Anemoni zulia akiletwa kwenye mfuko wa maji, muuzaji husifu kijani chake au zambarau yake, na mnunuzi mgeni hunaswa papo hapo. Stadi huinua mfuko hadi usawa wa macho, akangoja mnyama atulie, kisha akachungulia chini ya ile sahani pana yenye minyiri. Anatafuta shina, na juu ya shina anatafuta vinundu.

Aina tatu za jenasi ya Stichodactyla ndizo zinazochanganywa zaidi. Shina la haddoni lina vinundu vidogo vya rangi ileile ya mwili, rahisi kuvipita bila kuviona. Vya gigantea ni vya buluu au rangi ya damu ya mzee. Vya mertensii ni vya chungwa au zambarau iliyoiva, na huonekana wazi juu ya shina jeupe. Baada ya hapo ndipo jicho linapopanda kwenye minyiri. Ya haddoni ni mifupi, imesongamana, yenye ncha za mviringo. Pembezoni mwa sahani, mirefu hupokezana na mifupi, na ukishaizoea alama hiyo humkosei tena. Ya gigantea ni mirefu zaidi, imechongoka, na hutetemeka hata pale maji yanapotulia. Hunata kiasi kwamba ukiigusa kwa kidole kitupu, baadhi hukatika na kubaki kwenye ngozi. Utaratibu huu wa kutambua tunaudai kwa Daphne Fautin, ambaye mwaka 1981, akitumia jina la Dunn, alichapisha kazi kubwa juu ya anemoni wanaoishi na samaki wao, akapanga majina yaliyokuwa yamevurugika kwa muda mrefu.

Kwa nini stadi ahangaike hivyo? Kwa sababu jina ndilo linaloamua makao. Haddoni ni mnyama wa mchanga. Huzika shina lote na kubakiza sahani juu, na akiguswa hujivuta chini akapotea. Kwa hiyo stadi humwekea mchanga wa kina, sentimita kumi au zaidi, na jiwe au kioo cha sakafu chini yake pa kushikilia mguu. Gigantea hutoka kwenye maji mafupi ya nyasi bahari, mahali ambapo maji yakipwa huweza kubaki wazi juani. Huyo anadai mwanga mkali na mkondo wa nguvu.

Mwanga si pambo. Ndani ya nyama ya anemoni huishi mwani wa seli moja unaomlisha kwa sukari inayotengenezwa kwa nuru. Anemoni mweupe pe, anayewavutia wengi dukani, ni mnyama aliyepoteza mwani huo, na yule wa manjano iliyokolea kupita kiasi huenda amepakwa rangi. Stadi huwaacha wote wawili. Hutazama mdomo: uliofumba vizuri ni dalili njema, uliolegea na kuachama ni mbaya. Hutazama mguu usiwe umechanika. Gigantea aliyesafirishwa mbali humtenga kwanza kwenye tangi dogo, na wafugaji wengi wazoefu humtibu humo kwa siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria, wakibadilisha maji kila siku.

Ninachokistahi zaidi ni kule kuizuia mikono. Tangi huachwa likomae kwa miezi mingi kabla ya anemoni kuingia, joto likikaa karibu na nyuzi 26 na chumvi karibu na gramu 35 kwa kilo ya maji. Pampu zote hufunikwa kwa wavu, maana anemoni asiyeridhika hutembea, na panga la pampu humkatakata. Anaweza kunywea jioni hadi aonekane amekufa, kumbe anatoa taka tu, asubuhi akatanuka tena. Asiyejua humng'oa na kumhamisha. Anayejua hungoja, na huanza kushtuka pale kunywea na kuvimba kunaporudiwa siku baada ya siku. Chakula ni kipande kidogo cha kamba, kilichowekwa taratibu juu ya minyiri. Kikubwa hutapikwa. Haddoni hujiongezea mwenyewe kwa kunasa samaki wanaolala karibu naye, hivyo stadi huwachagua wakazi wa tangi akilijua hilo.

Subira hiyo ina mifano ya kale. Mwaka 1828 Sir John Graham Dalyell alimchukua anemoni mdogo wa pwani ya Uskoti, wa jamii nyingine kabisa, akamfuga kwenye mtungi wa kioo. Dalyell alifariki mwaka 1851. Anemoni, aliyeitwa Granny, alirithishwa kutoka mlezi hadi mlezi mjini Edinburgh hadi alipokufa mwaka 1887.

Mertensii stadi humtambua vizuri kama wenzake, kisha akakataa kumnunua. Sahani yake huweza kupita mita moja kwa upana, na tangi la nyumbani halimtoshi. Huyu yuko pwani ya Afrika Mashariki, ameshikilia mwamba, akiwahifadhi samaki kama Amphiprion allardi na Amphiprion akallopisos. Miwani ya kuzamia inatosha kumwona.