"Tokeo" ni Lipi? Kuhusu Istilahi za Kupimia Huduma za Watu Wenye Ulemavu wa Makuzi

Katika tafsiri tulizopitia za miongozo ya kupima ubora wa huduma kwa watu wenye ulemavu wa makuzi, yaani ulemavu unaoanza utotoni kama vile usonji, mtindio wa ubongo na ulemavu wa akili, neno "matokeo" limetwishwa mizigo miwili. Mfasiri hulitumia kwa kazi iliyotendwa na kituo: milo iliyopikwa, mafunzo yaliyotolewa, vitanda vilivyotandikwa. Ukurasa wa pili hulitumia tena kwa hali ya maisha ya aliyehudumiwa. Mkaguzi asomaye tafsiri ya namna hiyo aweza kuhesabu vitanda, akatia saini na kuondoka.

Avedis Donabedian, alipoandika mwaka 1966 juu ya kupima ubora wa tiba, alitenga mambo matatu: nyenzo zilizopo, utendaji, na yale yanayompata mtu baada ya kuhudumiwa. Twapendekeza "zao" liwe jina la hesabu ya kazi ya kituo, na "tokeo" libaki kwa maisha ya mtu. Wapo watakaosema "zao" lina harufu ya shamba. Haidhuru, hata shambani hakuna adhaniaye kuwa gunia la mahindi ndiyo shibe.

Kasoro ya pili ni "mhojiwa". Nchini Marekani, mpango wa majimbo wa kupima huduma hizi, ulioanza mwaka 1997, humwendea mtu mwenyewe. Baadhi ya maswali yake hujibiwa na yeye tu. Mengine aweza kujibiwa na mtu amjuaye vema. Kuwaita wote wawili "mhojiwa" ni kuifuta tofauti hiyo, na jibu la mlezi litahesabiwa kuwa la mwenye maisha. Yafaa "mhojiwa" awe mwenyewe, na yule mwingine aitwe "msemaji kwa niaba".

Lakini lililo zito zaidi ni swali "Je, umeridhika na huduma?" Kisarufi halina dosari. Hata hivyo, ni nani katika sisi aulizwaye hivyo mbele ya mwenyeji wake asijibu "nashukuru"? Hiyo ni adabu, si kipimo. Tena, Sigelman na wenzake walionesha mwaka 1981 kwamba watu wenye ulemavu wa akili huelekea kuitikia "ndiyo" wanapoulizwa maswali ya ndiyo au hapana. Desturi yetu na udhaifu wa swali vikikutana, kila kituo kitapata alama za juu, hata kile ambacho mlango wake hufungwa kwa nje.

Basi mfasiri asitosheke na kugeuza maneno. Aandike: "Nani alichagua nyumba unayokaa?" "Ukitaka kutoka, unafanyaje?" Maswali haya hayajibiki kwa "ndiyo" wala kwa "nashukuru". Na pale mhojiwa asiposema kwa kinywa, fomu iache nafasi ya picha na ishara, kisha nafasi hiyo ipewe jina lake. Kwa sasa twaikuta imeandikwa "hakujibu".