Nani Aliifungua Mara ya Mwisho

Kabla hatujamaliza kusalimiana na muuzaji, kiganja changu huwa kimeshagusa injini. Nikikuta ina joto, najua imewashwa kabla sijafika, na pikipiki inayopashwa moto kabla ya mgeni ina jambo lake. Labda ikiwa baridi inagoma kuwaka, au inatoa moshi dakika ya kwanza, au cheni ya taimingi inagonga mpaka oili ipande. Sisemi kitu. Napokea chai, tunazungumza hali ya hewa, mada ambayo Waingereza hawaichoki, mpaka injini ipoe.

Pikipiki ninayoizungumzia ni moja: Suzuki SV650 ya kizazi cha kwanza, iliyotoka 1999 na kuendelea na kabureta hadi 2002, kabla ya ile ya 2003 yenye fremu nyingine na mfumo wa kupuliza mafuta. Injini yake ni cc 645, silinda mbili zilizokaa V ya nyuzi 90, nguvu farasi kama 70. Haimtishi mtu. Lakini nchini Uingereza ndiyo iliyowafungulia mbio watu wa mishahara ya kawaida, kupitia daraja la vilabu liitwalo Minitwins. Humo injini zinakaribiana mno, kwa hiyo anayetangulia ni yule anayejua kona. Vipuri vyake vimejaa kwenye yadi za pikipiki zilizogongwa, na fundi mwenye subira anaweza kumaliza msimu mzima bila kununua kitu kipya dukani zaidi ya oili, pedi na tairi.

Mzee mmoja wa gereji kule Tanga, aliyenifundisha kushika spana nikiwa bado mwanafunzi, hakuwa na habari na namba za kwenye dashibodi. Mteja akimtajia kilomita, yeye huniinamia sikioni: "Mwanangu, kilomita zinarudishwa nyuma. Muulize nani aliifungua mara ya mwisho." Nimenunua pikipiki nne kuukuu tangu nihamie huku Uingereza, na sijapata swali lililonisaidia kuliko hilo. Shida ni kwamba muuzaji hawezi kulijibu vizuri. Linajibiwa na chuma.

Basi huanza na vichwa vya bolti: za kava la klachi, za kava la vali, ile ya kumwagia oili. Kichwa chenye pembe sita bado kali kimeshikwa na mtu aliyekuwa na spana ya saizi yake. Kilicholika mpaka kukaribia duara kimeshikwa na mtu wa pupa, na pupa haikuishia kwenye bolti ile moja. Bolti mpya inayong'aa katikati ya wenzake wenye kutu ni swali: ya zamani ilikatikia ndani? Kinachosema zaidi ni gasketi. Ukiona silikoni nyekundu imechungulia kwenye ukingo wa kava kama jamu kwenye mkate, fahamu kwamba kiasi hichohicho kimechungulia na upande wa ndani. Kipande kikimeguka husafiri na oili hadi kwenye chujio la pampu, na hapo injini huanza kufa kwa kiu huku sampo imejaa. Mimi huchagua pikipiki chafu ambayo hakuna aliyewahi kuifungua kuliko safi iliyofunguliwa na mkono huo.

Rangi mpya hainishawishi wala hainitii hofu. Pikipiki ya mbio huanguka, na nyingi huanguka kwa kuteleza: eksozi inakwaruzika, kikanyagio kinapungua ncha, mpini wa klachi unapinda. Hayo ni mambo ya Jumapili moja. Ajali inayohusu ni ile iliyogonga kitu, na hiyo huacha alama kwenye shingo ya fremu. Pale kuna vijino vinavyozuia usukani usipitilize. Kijino kilichobonyea, au kilichopakwa rangi peke yake, kinaeleza siku ambayo usukani ulirushwa hadi mwisho kwa nguvu. Nikishakiona, naomba gurudumu la mbele linyanyuliwe, nazungusha usukani kwa vidole viwili, polepole. Ukifika katikati ukahisi umetumbukia kwenye kijishimo, beringi za shingo zimekwisha. Beringi zenyewe si ghali, lakini kijishimo hicho huwa kinanipunguzia bei vizuri sana.

Kuna sehemu moja ya SV ambayo inamtenga aliyeijua pikipiki yake na aliyekuwa akiiendesha tu. V ya nyuzi 90 ina ustaarabu wake: mitikisiko mikuu ya pistoni mbili hufutana, kwa hiyo injini haihitaji shafti ya ziada ya kuituliza. Lakini ili V hiyo ikae ndani ya fremu, silinda moja inaelekea mbele, nyuma tu ya gurudumu, na maji yote yanayorushwa na tairi yanaifikia. Plagi yake imezama kwenye kisima, na kisima kina tundu dogo la kutolea maji ubavuni. Tope na kutu huliziba.

Msimu wangu wa kwanza wa mbio, kwenye uwanja wa Cadwell Park, mvua ilianza kwenye mzunguko wa tatu. Kuna kilima wanakiita Mountain, mahali ambapo wenzangu gurudumu la mbele huachana na ardhi. Langu halikuachana na chochote. Nilipoanza kupanda, injini ilikohoa mara mbili, ikabaki na silinda moja, nikakimaliza kilima kama mtu anayepeleka mkaa sokoni. Gerejini nilichomoa kofia ya plagi ya mbele, maji yakamwagika hadi kwenye kiatu. Nilikuwa nimetumia akiba ya miezi miwili kununua eksozi nyepesi, na kilichonitoa mashindanoni ni tundu ambalo waya wa hanga ungelizibua. Siku hizi nikienda kukagua SV ya mtu, kipande cha waya kiko mfukoni. Kikipita bila kugusa tope, naanza kumwamini mwenye mali.

Umeme haunichukui muda. Mita kwenye betri, injini kwenye mizunguko 5,000 kwa dakika: nikiona volti 14 na kidogo, naendelea. Nikiona 12 na nusu, ama rektifaya imekufa ama koili ya kuchajia imeungua, na mazungumzo ya bei yanaanza upya.

Pesa, basi, ziende wapi? Watu wengi huanzia kwenye injini, na hapo ndipo ninapogombana na vijana. Injini ya SV ikiwa nzima iache ilivyo. Udhaifu uko kwenye shokapu, kwa sababu pikipiki hii iliuzwa bei nafuu na unafuu huo ulitoka mahali. Shokapu za mbele hupitisha oili kwenye matundu yasiyobadilika ukubwa. Ukibana breki taratibu, oili inapita ovyo na pua inazama. Ukikanyaga nundu la ghafla, oili haiwahi kupita, shokapu inakuwa kama nondo, na tairi inaruka badala ya kushika. Dawa ni springi zinazolingana na uzito wako na vali ndogo za kukaa juu ya matundu hayo, zinazofunguka kadiri pigo linavyokuwa kubwa. Kwa nyuma, tafuta yadini shokapu iliyotoka kwenye pikipiki kubwa zaidi, upime urefu wake kabla hujalipa.

Kuijua shokapu iliyopangwa vizuri hakuhitaji kompyuta. Kaa juu ya pikipiki ukiwa na suti yako ya ngozi na kofia, mtu apime imezama kiasi gani kutoka ilipokuwa imenyooka kabisa: mbele, milimita 30 hadi 35 ni mahali pazuri pa kuanzia. Kisha funga kamba ya plastiki ya kukazia nyaya kwenye bomba la shokapu ya mbele, uisukume hadi chini, uende mizunguko mitano. Kamba itabaki pale shokapu ilipofika. Ikiwa imegonga mwisho, springi ni laini; ikiwa imebakiza sentimita nne na zaidi, umeweka ngumu mno au hubani breki kama unavyowasimulia wenzako.

Kabureta nazo hupimwa kwa kifaa cha bei ya soda. Chukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, kama mita nne, uupige misumari kwenye ubao ukiwa umbo la U, utie oili kidogo ya tu-stroki ijae chini. Ncha moja iende kwenye mdomo wa kunyonyea wa silinda ya mbele, nyingine ya nyuma. Washa injini iliyopata moto. Oili itapanda upande wa silinda inayonyonya zaidi. Zungusha skrubu ya kulinganishia, robo ya robo, mpaka pande mbili zisimame sawa. Weka mkono karibu na swichi ya kuzimia, maana kabureta zikiwa zimeachana sana, oili yote inanyonywa na injini, na jirani ataita zimamoto kwa moshi utakaotoka. Zikikaa sawa utasikia mwenyewe: mlio unatulia, na ule mtetemo wa vioo, kama bado una vioo, unakoma.

Breki: badilisha maji yake kila msimu hata kama yanaonekana safi. Maji ya breki ya DOT 4 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230. Yakishanyonya unyevu wa hewani kiwango kinaweza kushuka hadi 155, na mpini unakuja mpaka kwenye kidole. Tairi: wanaokimbia kweli hutupa zao baada ya siku moja au mbili, na ndizo ninazonunua. Nasoma namba nne ubavuni, wiki na mwaka, kwa mfano 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Halafu napapasa uso. Tairi iliyofanya kazi vizuri ina chembechembe ndogo sawasawa, kama msasa mlaini. Iliyochanika mipasuko yenye kingo zilizoinuka imetoka kwenye pikipiki yenye shokapu mbaya au upepo usio sahihi, na sina haja ya kurithi matatizo ya mtu. Sproketi nayo usinunue seti nzima kwa kila uwanja: kupunguza jino moja mbele, kutoka 15 kwenda 14, ni karibu sawa na kuongeza matatu nyuma kutoka 45, na ile ya mbele ndiyo ya bei rahisi.

Kisha kuna waya wa usalama, ambao kwangu ndio mwandiko wa fundi. Bolti ya kumwagia oili, kifuniko cha oili na filta lazima vifungwe kwa waya usiopata kutu, kwa sababu oili ikimwagika kwenye kona wanaanguka watu wasiohusika. Waya mzuri umesokotwa kwa mizunguko inayolingana, haujakazwa hadi kukatika, ncha yake imekunjwa ndani isichane mkono wa mtu.

Siku ya ukaguzi kabla ya mbio, kwenye uwanja wa Brands Hatch, nilipanga foleni nikiwa na waya niliousokota usiku, na nilijivunia. Mkaguzi, mzee mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alipitisha kidole kwenye kila bolti bila kusema neno. Alipofika kwenye bolti ya oili akaivuta, akaniangalia. Nilikuwa nimeufunga upande ambao bolti ikilegea waya hauizuii, unaifuata. Alinipa koleo lake, akaita aliyekuwa nyuma yangu.

Nilirudi mwisho wa foleni.