Shaba Moja, Maana Tatu

Neno shaba limebebeshwa mzigo uzidio nguvu zake. Tangu 1971 hadi 1997 jimbo la Katanga, katika Zaire ya wakati huo, liliitwa Shaba. Hapo ilikusudiwa madini yachimbwayo ardhini. Mwaka 2017 Alphonce Simbu alirudi kutoka London na nishani ya shaba. Hapo hukusudiwa shaba iliyochanganywa na bati. Wilayani Karatu, karibu na Ziwa Eyasi, wahunzi wa Kidatoga huyeyusha makufuli na koki kuukuu, wakatengeneza bangili na kuwauzia watalii waendao Ngorongoro. Hizo nazo huitwa za shaba, ingawa koki na makufuli hayo aghalabu ni shaba iliyochanganywa na zinki.

Katika mazungumzo ya sokoni hatuoni kosa, kwani mnunuzi anayo bangili mkononi. Taabu huanza kalamu inaposhikwa. Tuchukue mfano wa vibamba vya Italia vya karne ya 15 na ya 16, kama kile cha Moderno kimwonyeshacho Hercules akipambana na simba wa Nemea. Wakusanyaji wa vitu hivyo huchunguza madini na ubora wa kusubu kabla ya kutaja thamani. Mfasiri aandikaye “medali ya shaba” amekosea mara mbili: medali kwa kawaida ina nyuso mbili, ilhali kibamba huwa na picha upande mmoja, tena msomaji hakuambiwa ni shaba ipi.

Wapo watenganishao kwa rangi: shaba nyekundu, shaba nyeupe, shaba nyeusi. Njia hii haituridhishi. Rangi hubadilika kwa hewa na kwa kushikwashikwa. Isitoshe, zinki huifanya shaba kuwa ya manjano. Mwanafunzi aliyefundishwa “shaba nyeupe”, akiletewa bangili ya Eyasi, atamshuku mwalimu wake.

Tunapendekeza jina lifuate mchanganyiko. Shaba ibaki kuwa madini yenyewe. Michanganyiko iitwe shaba-bati na shaba-zinki. Na kibamba kiwe bamba dogo lililosubiwa kwa picha upande mmoja. Wauzaji na waendelee kusema shaba. Lakini lebo ya makumbusho, hati ya forodha na kitabu cha shule havina ruhusa hiyo. Penye neno lisilo bayana, kazi ya mhunzi hupimwa kwa kubahatisha. Naye wa Eyasi anastahili jina kamili la kazi yake, sawa na fundi wa Italia.