Nusu Saa Yako, Nusu Saa Yangu

Wanafunzi wa kwetu wanaokwenda Leipzig hutegemea darasa liwape Kijerumani. Darasa lina kazi yake, na mji ule umeizoea kazi hiyo siku nyingi: Taasisi ya Herder ilianzishwa pale mwaka 1956, na Waafrika wengi waliosomeshwa na iliyokuwa Ujerumani Mashariki walipitia hapo kujifunza lugha kabla ya kuingia kwenye udaktari au uhandisi. Ufundi ninaousifu mimi hauna mwalimu wala cheti. Wenyewe wanauita tandem, jina la baiskeli inayoendeshwa na watu wawili. Mmoja anataka Kijerumani, mwingine anataka Kiswahili. Wanakaa meza moja, nusu saa lugha hii, nusu saa ile. Basi.

Ulaya iliukuza ufundi huu katika miaka ya 1960. Januari 1963, Kansela Adenauer wa Ujerumani Magharibi na Rais de Gaulle wa Ufaransa walitia saini mkataba wa urafiki, na mwaka huohuo likaundwa shirika la vijana wa Ujerumani na Ufaransa. Vijana ambao baba zao walikuwa wamelengana bunduki wakaanza kukutanishwa, kila mmoja akiwa mwalimu wa mwenzake.

Kinachofanya kazi hapa ni saa ya ukutani. Katika nusu saa ya Kijerumani mimi ni mtoto. Lugha ile, ukishasema “kwa sababu”, inakulazimisha umbebe mtu, siku na mahali mpaka mwisho wa sentensi, ndipo utoe kitenzi. Mwenzangu anakijua kitenzi ninachokitafuta, anakiona kinavyokuja kwa kujikokota. Fundi wa kweli hakitoi. Wangu alikuwa akishika penseli kwa mikono miwili, midomo ameibana, ananingoja. Kwa Mjerumani huo ni mtihani, maana kwao kumsahihisha mtu papo hapo ni kumsaidia, na hakuna anayeudhika.

Kisha saa inageuka, na yule aliyekuwa mwamba anaanza kutambaa. “Vitabu vyangu viwili vya zamani vimepotea,” anasema polepole, akigonga meza kwa kidole kila “vi” inapopita ili asiiruke hata moja. Anainua macho. Sasa zamu ya kungoja ni yangu, na mtihani wangu ni mwingine kabisa. Sisi Waswahili tunaharibu wanafunzi kwa adabu. Mgeni akisema “habari za asubuhi” tunampigia makofi: aa, wewe unajua Kiswahili kutushinda! Anaondoka na sifa kedekede na makosa yake yote mfukoni. Kumwambia mtu mliyezoeana “hapana, hiyo siyo,” tena bila kumpaka mafuta kwanza, kulihitaji moyo ambao sikuzaliwa nao.

Naamini hapo ndipo urafiki wa tandem unapopatia uimara wake. Anayenisahihisha saa hii atakuwa akibabaika mbele yangu muda si mrefu, na analijua hilo. Hakuna mwenye nafasi ya kujikweza kwa muda mrefu. Tukajiwekea utaratibu: makosa yanaandikwa pembeni, mazungumzo hayakatizwi, na mwishoni yanatajwa yale tu yanayopotosha maana. Siku aliyonisimulia ugonjwa wa bibi yake, karatasi ilibaki tupu. Makosa yalikuwepo, tena mengi. Kujua lini uiweke penseli chini hakuna kitabu kinachofundisha.

Halafu kuna maswali. Kwa nini tunasema “daktari wangu amefika” lakini “rafiki yangu amefika”? Nani aliamua? Mzaliwa wa lugha husema sawasawa maisha yake yote bila kuulizwa, kisha anajikuta ameduwaa mbele ya kikombe cha kahawa, akijaribu dada, shangazi, mwalimu na jirani mmoja mmoja kwa sauti ya chini ili aisikie kanuni yake mwenyewe. Mimi Kiswahili changu nilianza kukitazama kwa makini Ujerumani. (Nyumbani nilipasi mtihani wake bila kukitazama.)

Mwenzangu baadaye alikwenda Unguja kuendelea na masomo. Nikadhani sasa hanihitaji tena; kisiwa kizima ni mwalimu. Haukupita muda akanitumia ujumbe wa sauti, mrefu, nyuma yake pikipiki na muuza madafu. Malalamiko matupu. Sokoni wanamsifu. Kwenye daladala wanamsifu. Mwenye nyumba anamwita Mzanzibari. “Kaka, mimi nakosea, nasikia kabisa kwamba nakosea, na hapa hakuna mtu anayeniambia!”

Nikausikiliza mara mbili, penseli mkononi, nikamrudishia makosa manne. Akajibu kwamba la tatu si kosa, ndivyo wanavyosema Makunduchi, hukohuko Unguja, na akanitaka nifute.