Pongezi kwa Watu wa Jumamosi

Mto Bagmati unashuka kutoka vilima vya Shivapuri, unapita mjini Kathmandu na kulipitia hekalu la Pashupatinath, ambako Wahindu wa Nepal huchoma maiti za jamaa zao ukingoni. Kwao maji yale ni matakatifu. Kwa miaka mingi yamekuwa pia jalala: maji ya vyoo, mifuko ya rambo, matambara, mizoga.

Mei 2013, Leela Mani Paudyal, wakati huo Katibu Mkuu Kiongozi wa serikali, aliongoza raia kuingia mtoni kusafisha. Tangu hapo wakawa wanarudi kila Jumamosi, siku ya mapumziko nchini mwao: wanafunzi, wanajeshi, polisi, watu wa kawaida kabisa. Hawalipwi. Wanavaa glovu na barakoa, wanachokoa plastiki na nguo zilizozama kwenye tope, wanajaza viroba hadi vinafurika. Aliyewahi kuzibua mtaro wa maji taka juani anajua ninachokisifu.

Wapo wanaosema wanajisumbua bure, kwa kuwa mabomba bado yanamwaga uchafu mtoni. Hoja ya mabomba ni ya kweli, na mitambo ya kusafisha majitaka ni deni la serikali. Lakini katika jamii iliyozoea kuwaachia watu wa tabaka la chini kazi ya uchafu, mkubwa wa ofisi ameinama topeni bega kwa bega na mwanafunzi. Hilo nalienzi kuliko tani zote walizozoa.