OpenMRS: Walibadili Leseni, Wakaepuka Ukuta

Ripoti ya PDF ndiyo huanzisha mvutano wa leseni. Chukua timu ya programu za afya iliyopanga Lavington, Nairobi, katika mojawapo ya zile nyumba za kuishi zilizogeuzwa ofisi kandokando ya Barabara ya James Gichuru. Mfumo wao umejengwa juu ya OpenMRS, programu huria ya rekodi za wagonjwa, na wanataka kliniki ichapishe orodha za wagonjwa. Maktaba ya kutengeneza PDF inayowajia akilini kwanza ni iText. Tangu toleo la 5, la Desemba 2009, iText iko chini ya leseni ya AGPL, dada wa GPL. Zamani ilikuwa MPL na LGPL.

OpenMRS ilibuniwa 2004 kwa mahitaji ya Eldoret, ikaanza kutumika huko Februari 2006. Leseni yake ya awali, OPL, ilichongwa kutoka MPL 1.1, ambayo masharti yake hayapatani na ya GPL. Basi aliyetaka maktaba ya GPL au AGPL ilimbidi aitenge, na kutenga ni kazi ya fundi, si ya wakili: maktaba inahamia kwenye programu ya pembeni, na hizo mbili zinaongea kwa HTTP. Kuanzia hapo kuna vifurushi viwili vya kujenga na matoleo mawili ya kuoanisha. Kwenye kituo cha afya chenye seva moja na intaneti ya kubahatisha, kuna huduma mbili za kuamsha umeme ukirudi. Bili hiyo huja kila toleo. (Wapo wanaodhani faili la .omod, linalobeba moduli ya OpenMRS, linatosha kuwa ukuta. Mimi sikubali: moduli hupakia maktaba zake kivyake, lakini inaendeshwa ndani ya programu ileile.)

Mradi ulipita njia nyingine. MPL 2.0 ilitoka Januari 2012, na kifungu chake cha 3.3 kinaruhusu kazi iliyochanganywa kusambazwa pia chini ya GPL, LGPL au AGPL. OpenMRS ikahamia huko, ikiongeza tamko lake la kujikinga kuhusu matumizi ya kitabibu. Hatua hiyo iligusa maandishi ya leseni na vichwa vya faili. Haikudai programu ya pembeni, na bili ikalipwa mara moja.

Lakini kupatana kisheria hakumalizi hesabu ya timu yetu. Wakiunganisha iText mpya, mfumo mzima unasambazwa kwa masharti ya AGPL, na wakiibadilisha, anayeutumia kupitia mtandao lazima apewe njia ya kupata msimbo. Mteja wa kaunti huenda asijali. Anayeuza moduli iliyofungwa atajali sana.

Ningechukua OpenPDF, tawi la iText ya zamani lililobaki na LGPL na MPL. Ni ingizo moja kwenye pom.xml ya Maven. Kisha ningeendesha mvn dependency:tree na kutafuta jina la iText humo, maana huweza kuingia ikiwa imebebwa na maktaba nyingine.