Weupe pekee si jadi ya Wakorea

Mwaka wa 1975, Tokyo Gallery nchini Japani iliandaa maonyesho ya wachoraji watano wa Korea, na anwani ya maonyesho hayo ikataja weupe wa aina tano. Tangu hapo, wahakiki wengi wamezoea kudai kuwa uchoraji wa kisasa wa Korea umerithi jadi kupitia weupe: weupe wa mitungi ya kaure, wa mavazi na wa karatasi. Mimi sikubaliani na usomaji huo.

Kwanza, nani alisema weupe ndio Korea? Korea ikiwa chini ya ukoloni wa Japani (1910–1945), mhakiki Mjapani Yanagi Soetsu, aliyeipenda mitungi hiyo kwa dhati, aliueleza uzuri wake kuwa ni wa huzuni. Ati taifa zima lina simanzi, ndiyo sababu likapenda nyeupe! Hebu tazama kasri ya Gyeongbokgung jijini Seoul. Mbao zilizo chini ya mapaa yake zimepakwa kijani, nyekundu na buluu. Hiyo nayo si jadi?

Basi uhusiano uko wapi? Naona uko katika namna ya kufanya kazi. Wachoraji wa picha za Kibudha wa enzi ya Goryeo (918–1392) walipaka rangi upande wa nyuma wa hariri ili ijitokeze mbele kwa upole. Kuanzia 1974, Ha Chong-hyun alichukua kitambaa cha katani, kile cha kushonea magunia, akasukuma rangi nzito kutoka nyuma hadi ikapenya matunduni. Picha za Goryeo zinameremeta kwa dhahabu. Za Ha zinafanana na ukuta uliokandikwa udongo. Kwa sura hazihusiani kabisa. Kwa utendaji, ni ndugu.

Mfano wa pili ni mtungi wa mwezi wa enzi ya Joseon. Mfinyanzi aliunganisha mabakuli mawili, kwa hivyo maungio huonekana tumboni na mtungi hauwi duara kamili. Katika miaka ya hamsini, Kim Whanki aliichora mitungi hiyo. Baadaye, akiishi New York, aliacha kuichora, akajaza vitambaa vikubwa vya pamba kwa vitone vya rangi nyepesi iliyonywewa na kitambaa jinsi wino unavyonywewa na karatasi. Vitone hivyo alivipaka kimoja kimoja kwa mkono, na hakuna viwili vinavyolingana. Kwa maoni yangu, picha za awali zinaukumbuka mtungi tu, ilhali vitone vinaendeleza kazi ya mfinyanzi.

Atatokea wa kuniuliza: je, wachoraji hawa walikusudia kuwafuata wahenga? Si lazima. Neno letu ‘jadi’ lina maana ya nasaba pia, na mjukuu anaweza kushika jembe kama babu yake bila kufundishwa wala kufanana naye usoni.

Hatari ya kuishia kwenye rangi ni kwamba msanii Mkorea anayepaka nyekundu ataambiwa ameiacha jadi, na anayepaka nyeupe kivivu atasifiwa bure. Mhakiki aulize kwanza kazi ilifanywaje, ndipo aseme imerithi nini.